Msitu Ulioingia Kanisani

Kabla ya kupiga nguo pasi, Mama Pasi alikuwa anazipekua. Siyo kwa wizi, hapana. Kila suruali iliyoingia kwenye kibanda chake aliingiza mkono mifukoni, wa kushoto, wa kulia, wa nyuma, akatoa alichokikuta na kukiweka kwenye kisahani cha bati mpaka mwenyewe aje. Sisi wateja wake tulikiogopa kile kisahani. Juu yake zililala risiti za nyumba za wageni za watu walioaga kwamba wanakwenda msibani, hereni zisizo na wenzake, picha zilizokunjwa mara nne. Miaka mingi ya kazi hiyo ilimfundisha kwamba mtu anaweza kukuamkia kwa adabu zote, kofia mkononi, na huku mfukoni amebeba jambo la kuvunja nyumba.

"Mdomo unasema unachotaka," alikuwa akituambia huku akinyunyizia maji kola. "Mfuko unasema ulichonacho."

Basi akawa mwanamke wa kushuku. Akipewa pole anajiuliza mtoa pole anatafuta nini. Akisifiwa anaangalia nyuma yake. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba kumwoa yule mama ni kama kuishi forodhani: hakuna kinachopita bila kufunguliwa.

Watu ambao hakuwahi kuwashuku walikuwa wawili tu, mama yake mzazi na mdogo wake wa kike. Huyo mdogo alimlea mwenyewe, akimbeba mgongoni wakati yeye mwenyewe bado anang'oka meno ya utoto. Mdogo alipoolewa na fundi seremala wa kijijini kwao, akabaki kule kule, na mama yao akakaa kwake. Mama Pasi huku mjini alilala usingizi. Mama yuko kwa mtu wa damu, wasiwasi wa nini?

Kisha siku moja mdogo wake akapiga simu.

"Dada, akili ya mama inaondoka."

"Inaondoka inaenda wapi? Juzi nimeongea naye, kanigombeza vizuri tu."

"Anasema msitu umeingia kanisani."

Mama Pasi akaweka pasi pembeni. "Umeingia vipi?"

"Ndivyo anavyosema. Kila akirudi kutoka kule kwenye kanisa la zamani anasimama hapo mlangoni, anasema msitu umeingia kanisani, miti imelala ndani kama watu. Watoto wa jirani wanamcheka. Mume wangu anasema ingekuwa vizuri ungemchukua akakae na wewe. Huko kwenu kuna madaktari."

Kanisa hilo la zamani Mama Pasi alilijua vizuri, alibatizwa humo. Lilijengwa kwa mawe, ukingoni kabisa mwa msitu, mbali na nyumba za watu. Miaka ya karibuni lilijengwa jipya kando ya barabara, lenye bati linalong'aa na spika, na lile la zamani likafungwa, likabaki na makaburi yake na popo wake. Mama yao peke yake ndiye aliyekataa kuhama. Kwake yeye, kanisa jipya lilikuwa na kelele mno, mvua ikinyesha juu ya bati Mungu mwenyewe hasikii. Basi kila Jumapili, kijiji kizima kikielekea barabarani, yeye alichukua mkongojo wake akaelekea msituni. Alikaa kwenye ngazi za kanisa, akasali rozari yake, akang'oa majani kwenye kaburi la mumewe, akarudi.

Mama Pasi alifunga kibanda, akatubandikia karatasi mlangoni kwamba amepata dharura, akapanda basi.

Shemeji yake alimngoja kituoni. Alikuwa mwanamume mnene wa sauti laini, penseli sikioni, mtu ambaye hata akigonga msumari ungedhani anaubembeleza. Alimpokea mzigo, akamuuliza hali ya safari, akamtania.

"Shemeji, unazidi kuwa kijana. Au mjini mnapiga pasi hata nyuso?"

Mama Pasi akacheka. Kwa mtu mwingine angejiuliza sifa hiyo inanunua nini, lakini huyu alikuwa mtu wa nyumbani.

Nyumba ilikuwa imebadilika. Sakafu ina vigae. Makochi mapya, bado yamevalishwa nailoni. Dirisha la mbele limewekwa vioo vya kusukuma. Mdogo wake alimwonyesha chumba baada ya chumba, lakini hakusimama popote kwa muda, kama mwenye nyumba anayemtembeza mpangaji asiyemtaka. Alikuwa amekonda.

"Kazi imemkubali mumeo," Mama Pasi alisema.

"Tunamshukuru Mungu," mdogo akajibu, akaenda kuangalia chungu.

Mama yao alikuwa amekaa uani anachambua maharage. Alimtambua mwanawe kabla hajafika mlangoni.

"Umekonda. Na hilo gauni si nilikushonea mimi, mwaka ule ulipofiwa? Mbona umelishusha pindo? Nilikuambia ni fupi, ukabisha."

Mama Pasi akapiga magoti kumsalimia, moyoni akijisemea kwamba akili hii haijaenda kokote. Lakini baada ya kitambo kidogo bibi akageuka kuuliza kama baba yao amesharudi kutoka shambani, na baba yao alikuwa na miaka mingi chini ya udongo. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Yule bibi alikuwa kama redio ya zamani. Inashika stesheni, inaiacha, na wewe msikilizaji hujui lipi ni tangazo na lipi ni mkwaruzo.

Wakati wa chakula, shemeji alimsogezea Mama Pasi bakuli la mchuzi na kusema taratibu, "Shemeji, nakuomba kitu kimoja. Usimruhusu mama kwenda kule. Paa limeoza. Padri ameniachia kazi ya kulikarabati, lakini bado sijaanza, nasubiri vifaa. Tena kuna nyoka."

"Nimekusikia."

"Na mwangalie yule mzee anayelinda. Yule Mzee Ufagio." Akashusha sauti zaidi. "Mimi sisemi kitu. Mtu wa Mungu yule. Ila siku hizi simwelewi."

Mdogo wake akainuka kufuata chumvi. Chumvi ilikuwa mezani.

Neno dogo la namna hiyo, kwa Mama Pasi, lilikuwa kaa la moto kwenye nyasi kavu. Asubuhi ya pili alikuwa njiani na mama yake, mkono kwa mkono, wakipita mashamba ya mahindi kuelekea msituni. Bibi alitembea vizuri kuliko siku zote, kama punda anayejua anakokwenda.

Kanisa lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka. Mawe yameota ukungu wa kijani, kengele imeshuka upande mmoja, na nyuma yake msitu umesimama karibu kiasi kwamba matawi yalikwaruza ukuta. Kioo kimoja cha dirisha la chini kilikuwa kimevunjika, na pengo lake limezibwa kwa gunia, kutoka ndani. Kwenye mlango mkubwa, ule mlango wenye mbao zilizopauka, palining'inia kufuli jipya linalometameta kama jino la dhahabu kwenye kinywa cha kibogoyo.

"Siku hizi wanafunga," bibi alisema. "Na pale nilipokuwa nachungulia wamepaziba. Zamani Mungu hakuwa na kufuli."

Mzee Ufagio alikuwa upande wa msituni, anafagia. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana wake, na ndiyo iliyompa jina. Lakini Mama Pasi alisimama akamtazama, kwa sababu mzee hakuwa anafagia ngazi wala makaburi. Alikuwa anafagia nyasi. Anazisimamisha kwa chelewa, anazisukuma huku na huku, na pale ambapo hakuwa amefika bado, nyasi zilikuwa zimelala katika mistari miwili mipana, sambamba, inayotoka msituni na kuja mpaka ubavuni mwa kanisa.

"Shikamoo mzee. Nyasi nazo zinafagiwa?"

Mzee alishtuka, akaangalia kwanza msituni, halafu ndipo akamwangalia yeye. "Marahaba. Ni... majani makavu tu."

"Naomba utufungulie. Mama anataka kusali ndani."

"Ufunguo sina."

"Wewe ndiye mlinzi. Nani anao?"

"Sina, mama. Nimesema sina." Kisha akasogea karibu, akasema chini chini, "Mpeleke mama yako mjini. Mpeleke mapema. Hapa siyo pa kuja."

Mama Pasi alilisikia neno hilo kama kitisho. Mtu anamfukuza bibi kizee kwenye kaburi la mumewe! Alimshika mama yake mkono wakaondoka, na njia nzima akawa anageuka nyuma. Mzee alikuwa ameshaendelea kufagia.

Siku mbili zilizofuata alifanya alichokijua, akapekua. Alimuuliza muuza duka kuhusu Mzee Ufagio anaishije, anakula nini, anatembelewa na nani. Alikwenda kwa padri, akamkuta anahangaika na betri ya spika, akamweleza habari ya kufuli na nyasi. Padri alimsikiliza kwa heshima, akasema yule mzee ameitunza nyumba ya Bwana kabla yeye padri hajazaliwa, na kwamba paa likishatengenezwa kila kitu kitakuwa wazi. Mama Pasi akatoka na shaka mpya, mara hii juu ya padri.

Jumamosi akakutana na Mzee Ufagio bombani, watu wamejaa na ndoo zao. Mdogo wake alikuwa pembeni yake. Hakuweza kujizuia.

"Mzee, unaficha nini mle kanisani?"

Maneno yakakatika bombani. Maji peke yake ndiyo yaliendelea kuongea.

"Nakuuliza. Kufuli jipya la nini? Dirisha mmeziba kwa nini? Unafagia nyayo za nani? Mzee mzima na mvi zako, umegeuza nyumba ya Mungu ghala la wezi, halafu unamtisha mama yangu!"

Mzee akamwangalia mdogo wake Mama Pasi, akamwangalia kwa muda mrefu kabisa, kama mtu anayengoja kukombolewa. Mdogo alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Mzee akainua ndoo yake, bado nusu, akaenda zake huku maji yakimwagikia suruali. Mwanamke mmoja akasema, "Jamani!" na mwingine akasema lisemwalo lipo.

Mama Pasi alirudi nyumbani akijisikia mshindi. Ila kitu fulani kilimkwaruza kama mchanga ndani ya kiatu: kwa nini mzee alimtazama mdogo wake?

Mchana ule, ili kumpunguzia mdogo kazi, alijitolea kufua. Akaketi uani na beseni, akavuta shati la kazi la shemeji, na mkono, kwa mazoea tu, ukaingia mfukoni. Ukatoka na ufunguo. Ufunguo mdogo, mpya, unaometa, haujapata hata mkwaruzo. Akaugeuza mkononi. Na shati lenyewe lilikuwa na madoa ya utomvu kifuani na mikononi, utomvu mbichi unaonata. Seremala lazima achafuke, alijiambia. Halafu akajijibu, seremala ananunua mbao kavu, na ubao mkavu haulii machozi.

"Lete, dada." Mdogo wake alikuwa amesimama juu yake. Hakujua alitokea saa ngapi. "Ni wa sanduku lake la vifaa." Akauchukua haraka, kabla hajaombwa, akaingia nao ndani.

Mama Pasi alibaki na mkono ulionyooshwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye aliyefanya kazi na nguo za watu maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba methali ile ingemjia kwenye beseni. Alifua mpaka mwisho. Akaanika. Akajipigia hesabu za kumtetea shemeji. Ufunguo ni ufunguo tu, dunia ina makufuli mengi. Padri kampa kazi ya paa, basi kampa na ufunguo, kosa liko wapi? Lakini kama ufunguo uko kwa halali, kwa nini hakusema pale mezani alipomtaja mzee? Kwa mara ya kwanza maishani alitamani macho yake yawe na ukungu.

Jumapili, mdogo wake alivaa joho la kwaya. Shemeji alikuwa ametoka mapema, eti kuna mteja wa milango kijiji cha pili. Mama Pasi akasema kichwa kinamuuma, atabaki na mama.

"Mtabaki hapa hapa?" mdogo aliuliza.

"Tutakwenda wapi?"

Mdogo akasita mlangoni kama anayetaka kusema neno. Kisha akaenda.

Walipolikaribia kanisa la zamani, walisikia ngurumo ya injini ya lori, ya chini chini, kama simba aliyeshiba. Kule barabarani spika za kanisa jipya zilikuwa zimeanza kuimba, na wimbo ulifika mpaka huku, hafifu. Hapo ndipo Mama Pasi alipoelewa. Jumapili, saa za ibada, hakuna hata mtu mmoja kijijini mwenye masikio ya kitu kingine. Hakuna anayekuja huku, isipokuwa bibi mmoja asiyependa bati.

Mlango wa ubavuni, ule wa chumba cha mavazi ya padri, ulikuwa wazi. Alimwambia mama yake amngoje kwenye kaburi. Bibi akamfuata hivyo hivyo.

Ndani harufu ilimpiga kwanza, harufu kali, tamu, ya mti uliokatwa jana. Macho yalipozoea giza akaona magogo. Yamelala toka mlangoni mpaka altareni, yamepangana hadi usawa wa madirisha, mengine bado yana magome na majani. Mabenchi yamesukumwa ukutani yamevunjwa miguu. Kisima cha ubatizo, alichobatiziwa yeye na mdogo wake, kimejazwa minyororo na madumu ya mafuta ya misumeno.

"Si nilisema?" mama yake alisema nyuma yake, bila kushangaa. "Mnanicheka."

Mama Pasi alimshika mkono, akaubana. Alitaka kumwomba msamaha, lakini mtu alikuwa anaingia kutoka upande wa lori, anafuta jasho, penseli sikioni.

Shemeji alisimama. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa mtupu kabisa. Halafu tabasamu likarudi mahali pake.

"Shemeji. Mbona hukwenda kuimba?"

"Umekula, baba?" bibi akamuuliza kwa upole.

"Nimekula, mama." Akavuta gogo dogo, akamkalisha bibi juu yake kwa uangalifu, kisha akamgeukia Mama Pasi. "Sasa, tuongee kama watu wa nyumba moja. Msitu ni wa nani? Si wa mtu. Miti inazeeka, inaanguka, inaliwa na mchwa. Mimi nimejenga nyumba, mama analala pazuri, mdogo wako anavaa."

"Na Mzee Ufagio?"

"Aliambiwa akifungua mdomo, watu wataambiwa ni yeye aliyetoa ufunguo. Mzee anaogopa, siyo mjinga." Akacheka kidogo. "Tena wewe umenisaidia sana jana bombani. Leo ukienda kusema ni mimi, watakuuliza, jana si ulisema ni mzee? Na kesho utasema ni padri? Shahidi wako mwingine ni huyu, anayemngoja mume aliyekufa aje kula."

Kila neno lilikuwa kweli.

"Mchukue mama, rudi mjini, upige pasi zako. Ndiyo sababu tulikuita." Akaanza kuondoka, akageuka. "Muulize mdogo wako. Simu alipiga yeye, sikumshika mkono."

Mama Pasi alimwinua mama yake wakatoka. Aliniambia kwamba njiani kurudi hakuona mahindi wala njia, aliona tu vidole vya miguu vya mdogo wake, vile alivyokuwa akiviangalia bombani. Kulikuwa na njia panda pale, moja inakwenda nyumbani, nyingine barabarani kanisani. Angeshika ya nyumbani, angefunga mizigo, na kesho yake angekuwa kwenye kibanda chake, na kijiji kingemkumbuka tu kama mwanamke aliyemtukana mzee. Damu ni nzito. Alisimama pale. Ni mama yake aliyemvuta mkono.

"Huku," bibi alisema, akionyesha upande wa spika. "Leo twende tukasikie hizo kelele zao."

Waliingia wakati padri anasoma matangazo. Mama Pasi hakwenda kukaa. Alitembea katikati mpaka mbele, viatu vyake vimejaa utomvu na maganda ya mbao, akasimama. Juu kwenye kwaya aliona joho la mdogo wake na, juu ya joho, uso uliokwisha damu.

"Padri, naomba radhi. Kanisa la zamani limejaa magogo. Lori liko pale sasa hivi linapakia. Nimeyaona kwa macho yangu, mama naye ameyaona tangu zamani, tukamwita kichaa."

Minong'ono ikaanza. Padri akainua mkono. "Mama, juzi ulikuja kwangu kuhusu Mzee—"

"Nilikosea. Siyo yeye."

"Ni nani basi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Mama Pasi akafungua mdomo, na jina la shemeji yake likagoma kutoka. Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akacheka. Jana alishamtuhumu mtu asiye na kosa, leo nani angemngoja ajikusanye?

Ndipo Mzee Ufagio aliposimama, upande wa wanaume, kwenye benchi la mwisho. Alivua kofia.

"Anasema kweli," alisema. Sauti haikuwa kubwa, lakini watu walimsikia. "Nimejua toka walipoleta gogo la kwanza. Nilifagia nyayo za gari lao. Walinitisha, nami nikatishika. Fundi seremala ndiye mwenye ufunguo."

Kwaya yote ikageuka kumtazama mtu mmoja. Mdogo wake Mama Pasi aliweka kitabu cha nyimbo kwenye kiti. Akavua joho taratibu, akalikunja, akaliweka juu ya kitabu, akashuka, akapita katikati ya watu mpaka nje. Hakulia. Akaishika njia ya msituni, na watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja wakamfuata.

Walipofika lori lilikuwa limeondoka na shemeji ndani yake. Magogo yalikuwa pale. Mabwana misitu walikuja wiki ile, wakayapiga alama kwa rangi nyekundu, wakahoji watu. Shemeji alikamatwa baada ya muda, mbali, kwenye karakana ya rafiki yake, akiwa bado anasalimia kila mtu kwa sauti ile ile laini. Mzee Ufagio naye alihojiwa, akakaa mahabusu siku kadhaa, akaachiwa.

Mama Pasi alikwenda kumwomba radhi. Alimkuta kanisani, milango yote wazi, anafagia maganda ya miti na kinyesi cha popo. Alipiga magoti pale pale vumbini.

Mzee aliendelea kufagia kwa muda. "Uliposhuku mlango, uliushuku mlango wa kweli," alisema mwishowe. "Mtu ndiye ulimkosea. Ila ungeninong'oneza, mwanangu. Bombani, mbele ya wajukuu zangu? Ungeninong'oneza."

Hakusema amesamehe. Alimpa ufagio wa pili, na wakafagia mpaka kwenye altare.

Lililobaki lilikuwa la jikoni. Mdogo wake alikuwa anaosha sahani ambazo tayari zilikuwa safi.

"Ulijua?"

"Nilijua kuna mbao. Sikujua anaweka kanisani."

"Mama alikuambia kila Jumapili. Na ufunguo ulininyang'anya."

Mdogo akasema, mgongo umemgeukia, "Wale wenzake wa lori walimwambia mume wangu kwamba yule bibi atawaponza. Waliuliza anapita njia gani. Nikaogopa, dada. Nikasema bora aende kwako kuliko..."

"Kuliko nini?"

Hakumalizia. Mama Pasi alisubiri, akamsoma mabega, akamsoma shingo, kama alivyosoma nguo za watu. Hakuweza kujua. Huenda mdogo wake alipiga simu ile kumwokoa mama. Huenda aliipiga kuokoa vigae na makochi, na hili la wokovu limeshonwa baadaye. Yule aliyembeba mgongoni, ambaye hakuwahi kumpekua, hakuwa na mfuko wa kuingiza mkono.

Alimchukua mama yake wakaja mjini. Sisi wateja tulimzoea yule bibi, akikaa kwenye kiti kando ya mlango wa kibanda, akitukosoa jinsi tulivyovaa. Akili yake ilianza kuondoka kweli sasa, mwaka ule na uliofuata, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Kila alichosema, hata kiwe cha ajabu namna gani, Mama Pasi aliacha pasi akaenda kukiangalia kwanza. Mara moja bibi alisema kuna mtu amelala juu ya paa, na binti yake akapanda ngazi. Alikuwa paka.

Kisha nyumba ya kule ikauzwa, na mdogo akaja na sanduku moja. Mama Pasi alimtengea chumba, akamtandikia kitanda, akamfundisha kazi. Wanafanya kazi pamoja, mmoja anafua, mmoja anapiga pasi, na ukiwasikia wakicheka hutajua kitu. Mdogo ndiye anayemwogesha bibi, na bibi anampenda kuliko sisi sote. Ila mdogo akitoka chumbani na kusema, "Dada, mama amekula, mama amelala," Mama Pasi anaitikia vizuri, "Ahsante, mdogo wangu." Anangoja kidogo mpaka mwenzake ashughulike na mengine. Halafu anaingia mwenyewe, anainama kitandani, na kumuuliza mama.